Aliumia saa ngapi?

Karatasi ya rufaa ya mdogo wangu iliandikwa hivi kwenye mstari wa muda wa ajali: 2:00. Pembeni hapakuwa na neno jingine. Aliyeijaza alimsikia dereva wa bodaboda akisema "saa mbili", naye akaandika mbili. Na kweli ilikuwa saa mbili, saa mbili usiku, watu ndiyo kwanza wanatoka msikitini baada ya Isha. Kwenye hospitali kubwa tuliyopelekwa, tarakimu ile ilisomwa kwa saa za Kizungu, wakaelewa saa nane za usiku. Saa sita zikapotea kwenye karatasi na hakuna aliyezitafuta.

Wakati ule hata mimi sikuona neno. Mdogo wangu alikuwa anaongea. "Kichwa tu kinauma, kaka, nitakuwa sawa." Picha ya CT ilionyesha mchubuko mdogo upande wa mbele wa ubongo, damu kidogo, fuvu zima. Usiku wa pili akawa anajibu kwa kuchelewa, kama mtu anayeitwa kutoka chumba cha mbali. Asubuhi ya siku ya tatu mama alimpelekea uji, akamwamsha, hakuamka. Daktari akatutoa nje ya wodi, akatuambia ubongo umevimba.

Ninalolikumbuka zaidi ni chupa ya manitoli, dawa ya kupunguza uvimbe wa ubongo. Nesi aliiinua kwenye mwanga wa taa, akaigeuza taratibu, akatuonyesha vipande vidogo vinavyong'aa kama sukari chini ya chupa. Dawa hiyo ikikaa penye baridi hufanya chembechembe, na ikiingia mwilini hivyo ni hatari. Akaweka chupa kwenye beseni la maji ya moto, akawa anaizungusha kwa mkono mmoja huku mwingine ukinyanyua kichwa cha kitanda, mpaka dawa ikatakata kabisa. Ndipo akaitundika. Manitoli hupenya kwa shida sana kwenye ubongo, kwa hiyo ikiwa ndani ya damu huyavuta maji kutoka ubongoni, nayo figo huyatoa kwa mkojo. Mdogo wangu alifumbua macho siku iliyofuata jioni.

Baada ya hapo nilianza kujiuliza swali ambalo sikuwahi kujiuliza: yale maji yaliingiaje?

Fuvu la mtu mzima halitanuki. Jambo hilo lilielezwa na Alexander Monro wa Edinburgh mwaka 1783 na mwanafunzi wake George Kellie mwaka 1824, na mpaka leo wauguzi wa vyumba vya wagonjwa mahututi wanafundishwa kwa majina ya wawili hao. Ndani ya fuvu kuna vitu vitatu: ubongo, damu, na majimaji yanayouzunguka ubongo. Kimoja kikiongezeka, vingine lazima vipungue. Mwanzoni mwili huweza kuvumilia, husukuma majimaji kuelekea kwenye uti wa mgongo na kupunguza damu ya mishipa inayorudi moyoni. Nafasi hiyo ikiisha, shinikizo hupanda ghafla. Kwa mtu mzima aliyelala huwa kati ya milimita 7 na 15 za zebaki, na mwongozo wa mwaka 2016 wa taasisi ya Brain Trauma Foundation ya Marekani unataka litibiwe likipita 22. Likiachwa lipande, damu safi hushindwa kuingia, na sehemu ya chini ya ubongo, inayoendesha pumzi, husukumwa kwenye tundu la shingo. Hivyo ndivyo mtu aliyekuwa anaongea jana anavyoweza kufa leo kwa jeraha lililoonekana dogo.

Kwa miaka mingi ilidhaniwa kwamba maji hupenya yenyewe kwenye utando wa seli, polepole, popote. Utando huo umejengwa kwa mafuta, na mafuta na maji hayapatani, lakini maji kidogo hupita. Wapo waliohisi kwamba kidogo hicho hakitoshi. Gheorghe Benga wa Romania alionyesha mwaka 1986 dalili za protini inayopitisha maji kwenye chembe nyekundu za damu. Mwaka 1988 Peter Agre, daktari wa damu wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins kule Baltimore, alikuwa akichuja protini za kundi la damu la Rh, na kila akichuja inamfuata protini nyingine ndogo asiyoihitaji. Ilikuwa nyingi mno kwenye chembe nyekundu na kwenye figo, na hakuna aliyejua kazi yake. Rafiki yake John Parker, daktari wa damu wa North Carolina, ndiye aliyemwambia huenda hiyo ndiyo njia ya maji iliyokuwa ikitafutwa.

Jaribio lililomaliza ubishi linafaa kutazamwa kwa karibu, kwa sababu ni jepesi kiasi cha kufanyika mbele ya macho ya mtoto wa shule. Kuna chura wa kusini mwa Afrika mwenye kucha miguuni, ambaye mayai yake yameumbwa kukaa kwenye maji ya bwawa bila kulowa. Agre na wenzake waliyadunga baadhi ya mayai hayo maelekezo ya kijeni ya kutengeneza ile protini, mengine wakayaacha. Kisha wakayatia yote kwenye maji yenye chumvi kidogo kuliko iliyomo ndani ya yai. Mayai ya kawaida yalikaa kama yalivyo. Yale yenye protini yalianza kutuna, ngozi ikanyooka, rangi ikafifia, na ndani ya dakika chache yakapasuka. Matokeo yalichapishwa mwaka 1992. Protini ikapewa jina la akwaporini, yaani tundu la maji, na mwaka 2003 Agre akapata nusu ya Nobeli ya Kemia.

Tundu lenyewe ni jembamba kiasi kwamba molekuli za maji hupita moja nyuma ya nyingine, na bado mlango mmoja hupitisha takriban bilioni 3 kwa sekunde. Na haulazimishi. Maji hupita kuelekea upande wenye chumvi au protini nyingi zaidi, au pale yanaposukumwa na shinikizo, na mambo yakigeuka hurudi kwa njia ileile. Naomba msomaji alishike hili, maana makosa mengi ya wanaoandika kuhusu jambo hili yanaanzia hapa.

Akwaporini zipo za aina nyingi mwilini. Ya ubongo iliyo kubwa kwa wingi ni ya nne. Ubongoni kuna seli zenye umbo la nyota, ziitwazo astrosaiti, zinazonyoosha miguu na kukanyaga mishipa midogo ya damu kutoka kila upande, hata mshipa ukawa kama umevishwa soksi. Kwenye nyayo hizo, upande unaogusa mshipa, ndipo akwaporini-4 ilipojazana. Ipo pia pale ubongo unapopakana na majimaji yanayouzunguka. Kwa maneno mengine, milango imewekwa mipakani.

Mwaka 2000 Geoffrey Manley, Alan Verkman na wenzao wa San Francisco walitoa matokeo ya panya waliozaliwa bila akwaporini-4. Waliwazibia mshipa wa ubongo kama inavyotokea kwenye kiharusi. Baada ya saa 24 uvimbe ulikuwa pungufu kwa takriban asilimia 35 ukilinganisha na panya wa kawaida. Walipowajaza maji mengi mwilini mpaka damu ikapungua chumvi, wasio na mlango walinusurika zaidi. Habari ikasambaa kwa sura moja: imepatikana protini inayovimbisha ubongo, iliyobaki ni kutafuta dawa ya kuiziba.

Sura hiyo ni nusu ya habari, na nusu ya pili ilitoka kwenye maabara hiyohiyo. Mwaka 2004 Marios Papadopoulos, Manley, Verkman na wenzao walichukua panya wa aina ileile wasio na mlango, safari hii wakawaingizia majimaji moja kwa moja ndani ya ubongo. Kwa wengine waligandisha sehemu ya ubongo kwa baridi kali ili mishipa ivuje, na wengine wakapandikizwa saratani. Panya wasio na akwaporini-4 ndio walioumia zaidi. Shinikizo lao lilipanda juu kuliko la wenye mlango, kwa sababu maji yalikwisha kuwa ndani na hayakuwa na pa kutokea.

Igor Klatzo alikuwa ameshaweka msingi wa kulielewa hili mwaka 1967, alipotenganisha uvimbe wa aina mbili. Katika ule wa kwanza seli zenyewe ndizo zinazonywa maji: nishati imekatika, pampu za kutoa chumvi zimesimama, chumvi inabaki ndani na maji yanaifuata, kupitia mlango wa nyayo za astrosaiti. Katika ule wa pili ukuta wa mishipa ya damu umefumuka, majimaji yenye protini yanamwagika katikati ya seli, na mlango uleule sasa ndio unaoyatoa kuyarudisha kwenye damu na kwenye majimaji ya nje. Kwenye kiharusi aina ya kwanza hutangulia na ya pili hufuata. Kwenye kichwa kilichogongwa huwapo zote, kwa vipimo tofauti kwa saa tofauti, hata sehemu mbili za ubongo mmoja zikawa hazifanani.

Basi hoja yangu ni hii. Tusiite akwaporini-4 adui. Mlango ulioingiza mafuriko ndio huohuo wa kuyatolea, na anayetaka kuugusa hana budi kwanza kujua mafuriko yamefika wapi. Kwa lugha ya wodini: anapaswa kujua mgonjwa aliumia saa ngapi.

Ushahidi unaonigusa zaidi unatoka kwenye ugonjwa tunaoujua sisi. Pale Blantyre, Malawi, katika Hospitali Kuu ya Queen Elizabeth, Terrie Taylor na wenzake waliwapiga picha za MRI watoto 168 waliokuwa wamepoteza fahamu kwa malaria ya ubongo. Matokeo yalichapishwa mwaka 2015. Watoto 25 walifariki, na 21 kati yao walikuwa na ubongo uliovimba vibaya siku walipolazwa. Kati ya 143 walionusurika, 39 tu ndio walikuwa hivyo. Kabla ya picha hizo ilibishaniwa kwa miaka kama uvimbe ndio unaowaua watoto hawa au ni jambo la pembeni. Mtu wa kawaida akisoma hayo atasema: kama ni maji, tuzibe mlango wa maji.

Lakini Agre mwenyewe, ambaye tangu 2008 aliongoza taasisi ya utafiti wa malaria ya Johns Hopkins na kufanya kazi mpaka Macha kule Zambia, alishiriki utafiti uliotoka mwaka 2013 wa panya walioambukizwa malaria ya ubongo. Panya wasio na akwaporini-4 waliugua zaidi kuliko wenye nayo. Katika ugonjwa ule mlango ulikuwa unalinda. Panya si mtoto wa Blantyre, nami sitaki kumvalisha mtoto ngozi ya panya. Ila yule aliyeugundua mlango amekuta kwamba kwenye malaria kukosekana kwake kunadhuru, na hilo linatosha kumzuia yeyote asikimbilie kuuziba.

Njia inayonipa matumaini ni nyingine. Mwaka 2020 Philip Kitchen, Roslyn Bill na wenzao wa Birmingham, Uingereza, na nchi nyingine walionyesha kwamba seli inapokosa hewa au kujeruhiwa, akwaporini-4 zilizokuwa akiba ndani husogezwa kwenye utando wa nje, milango ikaongezeka. Kinachozisogeza ni mnyororo wa ishara unaopitia protini iitwayo kalmodulini. Watafiti walitumia trifluoperazini, dawa ya zamani ya magonjwa ya akili inayobana kalmodulini, kwa panya buku walioumizwa uti wa mgongo. Uvimbe ulizuilika na wanyama wakapata nguvu za miguu mapema kuliko wasiotibiwa. Uzuri wa wazo hili ni kwamba haliui mlango uliopo. Linazuia tu milango mipya isiletwe wakati wa mafuriko kuingia. Na dawa yenyewe ni kongwe, madhara yake yanafahamika kwa madaktari.

Hata hivyo, mpaka leo hakuna dawa ya kugusa akwaporini-4 iliyoidhinishwa kwa mgonjwa aliyevimba ubongo, na mimi siwalaumu wanaokwenda polepole. Wapo waliokwenda haraka. Kwa zaidi ya miaka 30 madaktari wengi duniani waliwapa waliogongwa vichwa dawa za kortikosteroidi, kwa hoja iliyoonekana haina shaka: steroidi hupunguza uvimbe, ubongo umevimba, basi. Utafiti uitwao CRASH ukawapima watu 10,008, nusu wakapewa dawa na nusu wasipewe. Mwaka 2004 matokeo yalipotoka, waliokufa ndani ya wiki mbili walikuwa asilimia 21.1 kwa waliopewa na asilimia 17.9 kwa wasiopewa. Dawa ilikuwa ikiua, na kwa miongo yote hiyo hapakuwa na daktari mmoja aliyeweza kuligundua hilo akiwa peke yake kitandani pa mgonjwa.

Karibuni zaidi ni glibenklamidi, kile kidonge cha kisukari ambacho nyumba nyingi zetu zina pakiti yake kabatini. Ikitolewa kwa mshipa, ilitumainiwa kuzuia uvimbe wa kiharusi kikubwa kwa kufunga njia ya chumvi inayofanya kazi bega kwa bega na akwaporini-4. Kwa wanyama ilifanya vizuri sana. Utafiti mkubwa kwa watu, uliochapishwa mwaka 2024, haukuona wagonjwa wakipona vizuri zaidi.

Upasuaji wa kuondoa kipande cha fuvu ili ubongo upate nafasi nao una bei yake. Katika utafiti wa mwaka 2016, waliofanyiwa walikufa asilimia 26.9 ndani ya miezi 6, wasiofanyiwa asilimia 48.9. Lakini waliobaki hai bila fahamu za kujitambua walikuwa asilimia 8.5 dhidi ya 2.1. Familia iliyowahi kukaa na mgonjwa wa namna hiyo inajua takwimu hizo zina maana gani saa za usiku.

Nimeambiwa na rafiki yangu mmoja, mganga wa zahanati, kwamba kuzungumzia protini za panya ni anasa kwa mtu ambaye mgonjwa wake atapata CT kesho kutwa, kama atapata. Namheshimu, na anachokisema ni kweli. Vitanda vya wagonjwa mahututi ni vichache, barabara ni ndefu, na mtu aliyeanguka na bodaboda huchukuliwa na gari lolote linalopita. Lakini ndiyo maana ninalisema hili kwake kwanza. Dawa za wakati wetu zinakuja zikiwa na saa shingoni. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda kwenye kiharusi kwa kawaida hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze. Asidi ya traneksamiki, dawa ya kuzuia damu kuvuja, kwa aliyegongwa kichwa ilipimwa kwa wagonjwa waliotibiwa ndani ya saa 3. Ya akwaporini, siku itakapofika, itakuwa kali zaidi kwa saa kuliko hizo, maana ikichelewa inaweza kufunga njia ya kutokea.

Na sisi tuna tatizo ambalo watafiti wa San Francisco na Birmingham hawawezi kulifikiria: tunaishi na saa mbili tofauti. Shahidi wa ajali anasema saa moja, karani anaandika 1:00, daktari anasoma saa saba. Tofauti ni saa sita kila mara, hazipungui. Dawa yenye dirisha la saa 3 ikipimwa kwa karatasi kama hiyo, atakayepewa hakustahili na aliyestahili atanyimwa. Hilo halihitaji mashine. Linahitaji aliyejaza fomu amuulize shahidi, "ni saa mbili asubuhi au usiku?", kisha aandike 20:00. Linahitaji wizara za afya za nchi zinazosema Kiswahili ziweke kisanduku hicho kwenye kila fomu ya rufaa, na vyuo vya uuguzi vilifundishe kama vinavyofundisha kupima presha. Linahitaji pia sisi ndugu, tunaofika wodini na chupa za uji, tujue kwamba saa ya kuanguka ni sehemu ya matibabu, tuiulize kwa dereva kabla hajaondoka.

Siku mdogo wangu aliporuhusiwa, nilikaa naye kwenye benchi la nje tukisubiri kadi. Alikuwa amekonda, anauliza swali moja mara mbili, lakini anacheka akimwona mama. Kadi ilipoletwa nilitazama mstari wa ajali. Bado uliandikwa 2:00, yaani saa nane usiku. Nikarudi dirishani, nikamwambia yule nesi wa manitoli, "Sista, hapa pana kosa, aliumia saa mbili usiku." Alinitazama kidogo, akahesabu kwa vidole, akashika kichwa. Kisha akachukua kalamu, akakata 2:00 kwa mstari mmoja, akaandika juu yake 20:00, akatia sahihi pembeni.